Usifungue Silinda

3 Februari

Kwako mjomba wangu, fundi wa mafundi,

Shikamoo. Kabla hujauliza: nakula, nalala, na mlango wa chumba naufunga kwa komeo. Mwambie mama hivyohivyo, maana kwenye simu haniamini. Na wewe simu umeikimbia kabisa. Kila nikipiga nakusikia kwa mbali ukisema "mpe mama yake", halafu basi. Mama anasema siku hizi unadai simu ni ya wavivu. Haya, mpwa wako si mvivu, ameshika kalamu.

Chumba changu kiko nyuma ya duka la fundi cherehani na kina dirisha moja linalotazama ukuta. Silalamiki, ukuta hauna umbea. Kazini nauza vipuri kaunta. Wateja wakiniona msichana wanataka kuitiwa mwenye duka, mwenye duka akija ananiuliza mimi, wote wanaangalia pembeni. Ningekuwa na muda ningecheka.

Sasa la maana. Pikipiki imeshuka kwenye lori salama, haina hata mkwaruzo. Nilipoona ulivyoifunga magunia nikajua ni mkono wako. Injini uliyoifunga upya inang'aa hadi nikaona haya kuipaka matope. Nilipiga kiki mara moja ikawaka, ikatulia pale kwenye silensi, ikinguruma polepole bila kuongezwa mafuta, kama haikuwahi kuungua. Fundi cherehani alitoka na futi shingoni kuja kuniuliza nacheka nini.

Lakini mjomba, haipandi. Barabarani inakwenda vizuri tu, nikiifikisha mlimani inalegea. Nashusha gia, nafungua mafuta yote, inanguruma bila kuvuta. Kabla haijaungua ilikuwa inataka kunitupa chini, unakumbuka. Sasa imekuwa mpole kuliko baiskeli.

Unajua nina nini mbele yangu. Jumamosi ya mwisho ya Mei ni majaribio ya timu ya mbio za pikipiki. Wanachukua mpanda pikipiki mmoja tu kwa msimu mzima, na Nahodha wao alishaniona mwaka jana, akaniambia nije na injini nzima. Mlima wa mwisho wa njia yao ni mrefu na hauna huruma. Nikikwama pale nimerudi kuuza vipuri.

Kuna jirani yangu hapa, fundi mmoja mwembamba wanamwita Msumari. Ameisikiliza kidogo tu akasema tufungue hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda, tuangalie juu ya pistoni. Nimemwambia injini hiyo imefungwa na mjomba wangu, haifunguliwi na mtu. Niambie nianzie wapi.

Mpwa wako,
Spana


17 Februari

Mpwa wangu Spana,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako imenifikia mikono ikiwa na grisi, kwa hiyo ukurasa wa kwanza umeshakuwa wa gereji. Mama yako nimemsomea. Kaguna. Unalijua lile guno.

Huku sote wazima. Mguu wa mama yako unamsumbua asubuhi, ikifika mchana anausahau na kuanza kutusumbua sisi. Paa la gereji limetoboka pale juu ya meza ya vise ya kubania vyuma, nimeweka ndoo. Wateja hawajapungua, ila kila anayeingia anauliza, "Yule binti yuko wapi?" Nawaambia kaenda kutafuta maisha. Wananiangalia kama nimempoteza mtoto wa watu.

Habari ya injini, tulia. Haraka haraka haina baraka, na injini mpya ni kama bibi harusi, haichangamki siku ya kwanza. Ringi hazijazoeana na silinda. Ipe muda, usiikimbize. Halafu angalia kabureta: safisha jeti, inua sindano tundu moja. Badilisha plagi, uitazame rangi ukishaikimbiza. Chujio la hewa lioshe ulikaushe kivulini.

Huyo Msumari mwambie akapige misumari yake kwingine. Usifungue silinda. Ile gasketi ya shaba nimeikata kwa mkono na kuichoma mwenyewe, ukiilegeza haitaziba tena mpaka ichomwe upya, na huko huna moto wala koleo. Utaharibu kazi nzuri bure.

Ikishindikana, ipakie lorini uje nayo. Tutaitazama pamoja, kama zamani. Chumba chako kipo, nimehamisha matairi tu.

Mjomba wako


9 Machi

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Mwambie mama ile dawa ya kuchua mguu nimeipata, naituma kwa dereva wa lori. Mwambie pia asimpe jirani, maana ndivyo ilivyokwisha ile ya kwanza. Mimi ni mzima, ila mikono yote imechubuka na kichwa hakitulii.

Nimefanya yote uliyosema. Jeti nimeisafisha hadi unaona upande wa pili. Sindano nimeinua, nikashusha, nikairudisha. Plagi nimenunua mpya kazini, nikaikimbiza, nikaizima hapohapo na kuichomoa: ina rangi ya chai ya maziwa, mdomoni haina masizi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba plagi ya rangi hiyo haina kesi. Mafuta yanafika, moto unafika, na bado haipandi.

Basi nikaazima geji ya Msumari nikapima kompresheni, ule mgandamizo ndani ya silinda. Mjomba, iko chini. Haikufa, ila iko chini kwa injini yenye pistoni mpya. Nikafanya ule mtihani wako wa oili: nikamimina kijiko kimoja ndani ya tundu la plagi, nikapima tena. Kama ni ringi zinavujisha, oili inaziba na geji inapanda. Haikupanda kitu cha maana. Maana yake ringi zinabana vizuri, zimeshazoeana kitambo. Tatizo liko juu yake. Nisahihishe kama nimekosea.

Na kwa ajili yako nimegombana na mtu. Msumari aliniona nakuna kichwa, akaja, akatazama geji, akasema taratibu tu, "Dada, aliyeifunga hii hakutaka iende." Nilipandwa na hasira. Mbele ya wateja wake nilimwambia kwamba mjomba wangu alikuwa anafunga injini yeye bado anajifunza kushika bisibisi, na kwamba fundi asiye na kazi huchafua ya mwenzake. Alifuta geji yake, akaiweka mfukoni, akaenda. Huyu ndiye aliyenisaidia kushusha pikipiki kwenye lori. Sasa tunapishana uchochoroni kama hatujuani.

Sijuti sana, ukoo kwanza. Lakini nijibu upesi. Mei haiko mbali.

Spana wako


11 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Kwanza mvua, halafu lori liliharibika njiani, halafu shughuli. Dawa imefika. Nusu yake iko kwa jirani.

Gereji naiona imekuwa kubwa kwangu. Zamani tulikuwa tunasukumana na wewe mle ndani, mmoja akitaka kupita lazima mwenzake akae, sasa naweka spana chini naitafuta asubuhi nzima. Kuna mtu wa bustani kaniletea injini ya pampu ya maji. Inawaka vizuri, ikipata moto inazima, ikipoa inawaka tena. Nimeifungua na kuifunga, nimeifungua na kuifunga. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiinamisha kichwa kidogo, ukifumba macho, halafu unasema "ni hapa", na inakuwa ni hapo. Mzee wa bustani amekasirika.

Kuhusu pikipiki, hiyo geji ya Msumari naona ni mbovu. Geji ya kuazima huamini vipi? Angalia ekzosi, huenda kuna masizi yameziba bomba. Ifungue uigonge, uichome ndani. Angalia vile vijani vya chuma vinavyopitisha hewa nyuma ya kabureta, kimoja kikipinda injini hupoteza pumzi. Klachi pia, inaweza kuwa inateleza ukadhani injini haivuti.

Silinda usiguse. Nimekwisha kusema.

Au njoo nayo, Spana. Majaribio yapo kila mwaka, mjomba hayupo kila mwaka. Natania. Lakini njoo.

Mjomba wako


19 Mei

Kwako mjomba,

Shikamoo. Natumai mko salama. Mimi nipo.

Ekzosi nimeichoma, ilikuwa safi. Vijani vimekaa sawa kama vipya. Klachi haitelezi, nimeijaribu kwa gia ya juu, gurudumu la mbele likisukuma ukuta. Nimefanya kila ulichoagiza, na kila ulichoagiza kilikuwa kizima kabla sijakigusa. Nikitoka kazini naanza, nikimaliza nakaa chini sakafuni natazama injini nzuri isiyotaka kwenda. Nimeanza kudhani ni mimi. Labda nilisahau kupanda. Labda mwaka jana nilibahatisha tu, Nahodha akaniona siku ambayo haikuwa yangu.

Hukunijibu habari ya oili. Nilikuuliza wazi, ukanijibu habari ya geji.

Kwa hiyo nakuuliza tena, kwa heshima zote: kuna kitu kuhusu injini hii hujaniambia? Barua hii nampa dereva mkononi na ameniahidi kukufikishia kabla ya wiki kwisha. Usiandike. Piga simu, hata kwa neno moja. Ukisema fungua, nafungua siku hiyohiyo, shaba nitajua pa kuichomea. Ukisema usifungue, sifungui, naipanda ilivyo.

Nitakaa na simu mkononi.

Spana


2 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Simu haikulia. Nikachukua kimya chako kuwa ni "usifungue", kwa sababu ndivyo ulivyosema kila mara, na mimi tangu nikiwa na umri wa kubeba ndoo ya petroli sijawahi kuvunja neno lako ndani ya gereji.

Nilianza vizuri. Kwenye matope nilikuwa wa pili, kwenye mawe nikawa wa kwanza, watu wakaanza kuuliza yule ni nani. Halafu ukaja mlima. Nilijua. Niliingia nao kwa kasi yote niliyokuwa nayo, na katikati injini ikalegea, mmoja akanipita, mwingine akanipita, ikazimika. Nikashuka nikaisukuma. Mbele ya watu wote, mjomba, nikiisukuma kama gari lililoishiwa mafuta. Nilipofika juu Nahodha alikuwa ameshafunga daftari lake. Hakunisema vibaya. Alisema, "Nilikwambia uje na injini nzima," akanipa maji. Wamemchukua kijana aliyekuwa nyuma yangu mpaka mlimani.

Nilirudi nikafungua silinda.

Unajua nilichokikuta. Gasketi mbili. Mbili za shaba, moja juu ya nyingine, zote zimekatwa kwa mkono, zote zina ile alama ya kinyundo chako chenye kichwa cha mviringo pembeni mwa tundu la boliti. Zimechomwa vizuri, zimebana vizuri, hazivujishi hata chembe. Kazi safi. Hakuna fundi mwingine anayeweza kuzilaza namna ile, kwa hiyo usiniambie ulijisahau.

Kwa sababu mchezo huu ulinifundisha wewe. Yule mtoto wa daktari wa mifugo alipoletewa pikipiki na baba yake, baba akakuomba uipunguze makali bila mwanawe kujua. Ukakata gasketi ya pili, ukaniambia nishike koleo. Ukanieleza: moja ni ya kuziba, mbili zinainua hedi, nafasi ya juu ya pistoni inakuwa kubwa, mlipuko unakuwa dhaifu kwa kukosa kubanwa, injini inawaka na kutembea kama kawaida ila haina ubavu. Na mtoto hatajua, ukasema, atahangaika na kabureta hadi achoke. Tulicheka siku ile. Nilicheka mimi.

Sasa ni mimi niliyehangaika na kabureta. Ulinituma kwenye jeti, ukanituma kwenye plagi, ukanituma kwenye ekzosi, ukijua. Ulikaa huko na kalamu ukanitafutia pa kupoteza muda. Msumari alisema kweli tangu siku ya kwanza na mimi nikamtukana hadharani kwa kukutetea wewe.

Nimetoa moja. Nyingine nimeichoma kwenye jiko la mkaa la fundi cherehani, nikaitumbukiza kwenye maji, nikairudisha. Jana niliupanda mlima ule peke yangu, hakuna mtu anayetazama. Ulipita chini yangu kama tambarare. Nilipofika juu nililia kwa hasira hadi kofia ya chuma ikajaa mvuke.

Nani alikutuma? Na kama hakuna aliyekutuma, nilikukosea nini?

Mpwa wako


15 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Huku wazima, alhamdulillahi. Ndoo ile ya paani imetoboka nayo.

Usinikasirikie sana. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mama yako ni dada yangu wa tumbo moja. Alinijia gerejini kabla sijaifunga injini, akalia. Alisema, "Kaka, hii pikipiki itaniulia mtoto." Akaniomba niifanye iwe mpole. Ningefanyaje? Ningemwambia dada yangu aendelee kulia? Nikaona bora ukasirike ukiwa mzima. Nilijua utanielewa siku moja, ukizaa wako.

Usimwambie kwamba nimekwambia. Ana mguu, asiongezewe na moyo. Mwache.

Injini sasa nzima, mlima unapanda, na majaribio yatakuja mengine. Yaliyopita si ndwele. Njoo hata wiki moja, tuyamalize ana kwa ana.

Mjomba wako


23 Juni

Mjomba,

Nimemwambia. Uliniomba nisimwambie, na ndiyo maana nikampigia.

Nilimuuliza polepole, nikidhani nitamkuta na aibu. Hakuelewa nasema nini. Nikamweleza gasketi, akaniuliza gasketi ni nini. Mjomba, mama hakuja kulia gerejini. Mama alikuja kukuletea chakula na kukuuliza kama injini itawahi. Siku ya majaribio alikaa kwa jirani yule wa dawa tangu asubuhi, wakisubiri simu yangu wote wawili, na nilipomwambia nimeshindwa alisema, "Mwakani, mwanangu." Anaogopa, ndiyo. Ananiombea na kuogopa kwa pamoja. Lakini hajawahi kunikata miguu.

Nilipomwambia ulivyomsingizia, lile guno lake sikulisikia. Alikata simu.

Ningekusamehe gasketi. Nasema kweli, nilikuwa nimeanza kukusamehe, nimeshajieleza yote kwa niaba yako: ni mapenzi, ni woga, ni mama. Sasa umeniuza mara mbili, na mara ya pili umemuuza dada yako ili ulipie ya kwanza.

Usiniandikie mpaka uwe na la kweli. Likikosekana, nyamaza, umezoea.


30 Julai

Spana,

Sina salamu nzuri, kwa hiyo nakusalimu tu. Mama yako haongei na mimi. Chakula analeta, anakiweka juu ya meza ya vise, anaondoka.

La kweli ni hili. Masikio yamekwisha. La kushoto lilianza kabla hujaondoka, nikalificha kwa kukugeuzia la kulia. La kulia likafuata. Miaka yote hii kichwa ndani ya injini zinazopiga kelele, nilidhani nitapita bure. Simu siisikii, ndiyo maana nikaiita ya wavivu. Lile swali lako la Mei lilinifikia, barua ilifika Alhamisi. Nilishika simu. Nikajua hata nikipiga sitasikia unajibu nini, na nikishasema "fungua" itabidi niseme na kwa nini. Nikaiweka chini.

Fundi asiyesikia injini anatengeneza nini? Naweka bisibisi kwenye chuma na mpini kwenye meno, nahisi mtetemo, nabahatisha. Wateja hawajajua. Wanadhani nimekuwa na kiburi, wakinisemesha siitiki. Ulipokuwepo ulinisikilizia bila kujua. Nilikuwa nasema "hebu nikuone kama umejifunza, tatizo liko wapi?" na wewe unajibu, nami nafanya. Ulidhani nakupima.

Ulipoondoka nikasema utarudi. Ulipotaja timu nikajua ukichaguliwa hurudi. Injini ikawa mezani kwangu. Nilifikiri itakuchosha, utaileta, nitatoa gasketi moja mbele yako, tutacheka, utakaa. Sikufikiria utaipanda hivyohivyo. Sikufikiria utaniamini kiasi hicho.

Kumsingizia dada ilikuwa aibu tu. Nilitafuta mtu wa kusimama nyuma yake.

Gereji ni yako, nimekwisha kumwambia mama yako kwa maandishi, maana kwa mdomo hanipi nafasi. Njoo uichukue. Ile injini ya pampu bado iko hapa na mzee wa bustani ameahidi kuja na mjumbe wa mtaa. Bustani yake inakauka na mimi sijui ni nini. Nakuomba. Hii ndiyo mara ya kwanza nakuomba, naona hapo ndipo nilipokosea.

Mjomba wako


24 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Mama anasema mguu haujambo, na kwamba sasa anakusalimia kwa kichwa. Usiharakishe.

Nilikwenda kwa Msumari. Nilimwomba radhi mbele ya wateja, palepale nilipomtukania, maana hakuna haki ya kutukana hadharani na kuomba radhi chumbani. Alinisikiliza huku akiendelea kukaza boliti. Alipomaliza alisema, "Sawa." Hakuniita dada. Ninakwenda gerejini kwake Jumapili namfanyia kazi, na kidogo kidogo ananiachia geji mezani.

Kuhusu masikio yako nimelia, na bado nalia nikikumbuka ulivyokuwa ukinigeuzia la kulia nami nikidhani ni maringo ya kifundi. Lakini nisikufiche jambo, mjomba. Ungeniandikia Februari, "Spana, sisikii, rudi unisikilizie," ningeipakia pikipiki ile juu ya lori lililoileta. Nisingekwenda majaribio. Nisingekulaumu hata mara moja. Hilo ndilo linaloniamsha: ulikuwa nami mkononi na hukujua, ukaamua kunivizia kama mtoto wa daktari wa mifugo.

Sasa siji. Gereji mpe mwingine au ifunge. Mwakani Mei nitakuwa pale mlimani, na injini nitaifunga mwenyewe.

Injini ya pampu. Iwashe, iache ipate moto mpaka izime. Ikizima tu, usisubiri ipoe: chomoa plagi, ishikishe kwenye waya wake, ilaze juu ya chuma cha injini, vuta kamba na utazame. Hapo hapahitaji masikio, ni macho. Usipoona cheche, koili imechoka, ndani yake waya unaachia ukipata moto. Badilisha, usiifunge na kuifungua tena. Ukiiona cheche, nzuri na ya buluu, basi ni mafuta: fungua kifuniko cha tangi. Tangi likivuta hewa kwa nguvu na injini ikawaka papo hapo, kijitundu cha kifuniko kimeziba, kizibue kwa sindano. Mimi nadhani ni koili. Anza na hiyo.

Hayo ndiyo yote ninayoyajua kuhusu injini hiyo, na nimeyaandika yote. Sikubakiza kitu ili unihitaji.

Mpwa wako